Homa Imeshuka, Mgonjwa Amezidiwa: Seli za Masti na Kazi Yake katika Dengue na Pumu

Katika miji ya pwani yetu, homa ya dengue, ambayo wengine huiita kidingapopo, imekuja na kuondoka mara kadhaa katika miaka ya karibuni. Dar es Salaam iliisikia sana mwaka 2014 na tena mwaka 2019, na Mombasa nayo haikusalimika. Kila inaporudi, huzuka swali ambalo ndugu wa wagonjwa huliuliza wodini bila kupata jibu la kuwatosha. Inakuwaje mtu aliyeshinda siku nne na homa kali, viungo vikimuuma hata kugeuka kitandani asiweze, homa ishuke, apate nafuu, aombe uji, kisha jioni ya siku hiyo hiyo mikono iwe ya baridi, presha ishuke, na akimbizwe hospitali akiwa hoi?

Majibu mawili husambaa upesi kwenye simu. La kwanza ni kwamba kinga ya mgonjwa imeshuka, kwa hiyo atafutiwe kitu cha kuiongeza. La pili ni kwamba chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda, zimekwisha, kwa hiyo anywe juisi ya majani ya mpapai. Hilo la pili lina ukweli kidogo, kwa sababu chembe sahani hushuka kweli katika dengue, lakini majibu yote mawili yanaliacha nje jambo lililo kubwa zaidi: saa mgonjwa anapozidiwa, virusi katika damu yake huwa vimekwisha kuanza kupungua. Kinachomwangusha wakati huo, kwa sehemu kubwa, ni namna mwili wake mwenyewe unavyopambana. Na miongoni mwa wanaopambana kuna seli moja ambayo watu wengi, kama wamewahi kuisikia, wameisikia kwa habari ya mzio tu. Hiyo ni seli ya masti.

Seli za masti ni aina ya seli za kinga. Huzaliwa katika uboho wa mifupa kama seli nyeupe nyingine, lakini hazikai katika damu. Husafiri zikiwa changa, zikaingia katika tishu na kukomaa humo, na huko huweza kuishi kwa miezi mingi. Ndiyo maana kipimo cha kawaida cha damu, kile kinachohesabu aina za seli nyeupe, hakizionyeshi. Anayezitafuta hana budi kwenda pale mwili unapopakana na ulimwengu wa nje: ndani ya ngozi, katika utando wa pua na wa njia za hewa, katika ukuta wa utumbo, na hasa kandokando ya mishipa midogo ya damu na ncha za neva. Msomaji aliweke akilini hilo la kandokando ya mishipa, kwa kuwa ndiko mkasa wa dengue unakotokea.

Aliyezielezea kwanza ni Paul Ehrlich, Mjerumani, katika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1878. Alikuwa akijaribu rangi za viwandani juu ya vipande vya tishu, akaona seli fulani zimejaa punje zinazoipokea rangi na kuigeuza iwe ya zambarau. Alidhani seli hizo zimejilisha zikashiba. Baadaye ilibainika kwamba punje hizo hazikuingizwa kutoka nje. Seli yenyewe huzitengeneza na kuzihifadhi, ikisubiri siku ya kuzimwaga. Ndani yake mna histamini, ambayo jina lake tunalijua kwa sababu ya vidonge vya mzio. Mna heparini, inayozuia damu kuganda. Mna vimeng'enya viwili vinavyokata protini, yaani triptesi na kaimesi. Na mna ujumbe wa kikemikali wa kuziita seli nyingine za kinga.

Neno jingine tutakalolihitaji ni inflamesheni. Ni ile hali ya sehemu ya mwili kuwa nyekundu, kupata joto, kuvimba na kuuma baada ya kujeruhiwa au kuingiliwa na kijidudu. Si ugonjwa kwa asili yake. Ni mwili unafungua njia ili damu, maji na seli za kinga zifike mahali palipo na tatizo. Huwa ugonjwa inapotokea pasipohitajika, inapozidi kiasi, au inapokataa kwisha.

Inflamesheni ndogo kabisa, tena ya bure, kila mkazi wa pwani ameiona mkononi mwake. Mbu anapouma, katika muda wa dakika chache hutokea kinundu kilichopauka katikati na chenye wekundu pembeni. Protini za mate ya mbu zimeziamsha seli za masti zilizo chini ya hapo, nazo zimemwaga histamini. Histamini imeupanua mshipa mdogo, ndiyo maana ngozi imekuwa nyekundu. Kisha imezifanya seli zinazoutandaza ukuta wa mshipa zijikunje kidogo, zikaacha nyufa, na majimaji ya damu yakapenya kwenda nje ya mshipa. Kinundu kile ni hayo majimaji. Histamini hiyo hiyo imezigusa ncha za neva, na mtu akaanza kujikuna. Baada ya muda kinundu hushuka, kwa sababu nyufa zimefunga na majimaji yamerudi. Mtu akikielewa kinundu hiki vizuri, ameshaielewa nusu ya dengue kali, maana tofauti iliyopo ni ya ukubwa wa eneo kuliko ya namna jambo lenyewe linavyotokea.

Umwagaji wa punje ni hatua ya kwanza tu, nayo huchukua sekunde na dakika. Wakati huo huo seli huanza kutengeneza vitu vipya kutokana na mafuta ya utando wake, yaani prostaglandini na lukotrini, ambavyo huvuta misuli ya njia za hewa na kuifanya mirija ijae ute. Saa kadhaa baadaye huja hatua ya tatu, ya saitokini, ambazo ni protini za kupeleka ujumbe, na kwa hizo seli nyingine za kinga huitwa kutoka kwenye damu. Seli ya masti ni kama mtu wa mtaani anayepiga ukunga wa mwizi usiku: yeye mwenyewe huenda asimkamate mwizi, lakini kwa sauti yake milango yote hufunguka na watu humiminika njiani. Mwizi akiwa mmoja na uchochoro ukiwa mmoja, ukunga huo ni msaada mkubwa. Ukipigwa kila nyumba kwa wakati mmoja, watu watakanyagana na vibanda vitavunjwa, hata kama mwizi mwenyewe amekwisha kukimbia.

Njia inayojulikana zaidi ya kuziamsha ni ile ya mzio. Katika miaka ya 1966 na 1967, Kimishige Ishizaka na mkewe Teruko wakiwa Marekani, na kundi jingine la watafiti wa Uppsala nchini Sweden, walitambua aina ya kingamwili inayoitwa IgE. Kingamwili ni protini ambazo mwili hutengeneza ili kukishika kitu fulani mahususi. IgE, tofauti na ndugu zake, hupenda kukaa juu ya seli za masti, ikiwa imejipachika kwenye vipokezi vyake, na humo husubiri. Mwenye mzio wa karanga ana seli za masti zilizovikwa IgE ya karanga. Karanga inapoingia, hushika IgE mbili au zaidi kwa pamoja, na seli humwaga punje zake. Likitokea hilo mwili mzima kwa wakati mmoja, presha huanguka na koo huziba, hali ambayo madaktari huiita anafailaksia, na dawa yake ya kwanza ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja.

Lakini ni makosa kudhani kwamba maumbile yaliziweka seli hizi mwilini ili zituletee mzio. Huwapa wanyama msaada dhidi ya minyoo ya utumbo, na katika panya wa maabara imeonekana kwamba vimeng'enya vya punje zake hukatakata sumu ya nyoka na ya nyuki. Hajapata kuelezwa katika vitabu vya tiba mtu aliyezaliwa hana kabisa seli za masti. Binafsi naliona hilo kuwa dokezo zito, kwa kuwa kuna watu waliozaliwa bila aina nyingine nyingi za seli za kinga na wakajulikana kwa magonjwa yao.

Virusi navyo huziamsha, ila kwa njia nyingine. Ndani ya seli ya masti mna vitambuzi vinavyoweza kutofautisha vinasaba vya kirusi na vya mwili wenyewe. Vikiguswa, seli hutoa interferoni, protini inayozitahadharisha seli jirani zijikinge, pamoja na ujumbe wa kuita seli zinazoua zile zilizokwisha kuambukizwa. Na mara nyingi hufanya hivyo bila kumwaga punje hata moja. Jambo hili husahauliwa na maelezo mengi mepesi yanayoichora seli hii kama bomu lisilo na akili. Seli ya masti huchagua kiasi na aina ya jibu kulingana na kilichoigusa.

Turudi sasa kwenye dengue. Mbu aina ya Aedes, anayeuma mchana, huweka virusi ndani ya ngozi, mahali pale pale seli za masti zilipo kwa wingi. Mwaka 2011 Ashley St. John na wenzake, wanaofanya kazi Singapore na katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha kwamba katika panya seli hizi hukitambua kirusi cha dengue mapema na kuziita seli za kuua hadi penye maambukizi. Panya wasio na seli za masti walikuwa na virusi vingi zaidi katika tezi zao za limfu. Katika hatua hii ya mwanzo, basi, seli ya masti ni rafiki wa mgonjwa.

Tatizo huja virusi vinapotoka kwenye ngozi na kuenea na damu. Seli za masti zilizo kando ya mishipa katika ini, utumbo na kwingineko huviona kwa wakati mmoja. Kundi hilo hilo la watafiti lilieleza mwaka 2013 kwamba kiasi cha kaimesi katika damu ya wagonjwa wa dengue kilikuwa juu zaidi kwa waliopata dengue kali kuliko kwa waliopata ya kawaida, na kwamba panya walioambukizwa walivuja majimaji kidogo zaidi walipopewa dawa za kutuliza seli za masti au za kuizuia lukotrini. Triptesi nayo imehusishwa na kulegea kwa viungio vinavyozishika pamoja seli za ukuta wa mshipa. Kinachotokea, kwa ufupi, ni kile kinundu cha mbu kikiwa kimetandazwa mwili mzima: majimaji ya damu hupenya na kujikusanya tumboni na kifuani kuzunguka mapafu, huku seli nyekundu, ambazo ni kubwa, zikibaki ndani ya mishipa.

Hilo ndilo daktari analolitafuta anapoagiza kipimo cha hematokriti, yaani sehemu ya damu inayochukuliwa na seli nyekundu. Tuseme mgonjwa alianza na asilimia 40, na siku ya tano amefika asilimia 48. Hakuongezeka damu, amepungukiwa maji, na damu iliyobaki imekuwa nzito. Ongezeko la namna hiyo, la sehemu moja kwa tano ya kiwango cha mwanzo, ni ishara ya uvujaji mkubwa. Kwa hiyo ndugu anayeuliza kila asubuhi kuhusu chembe sahani tu anaangalia namba moja na kuiacha nyenzake iliyo muhimu vilevile. Kuvuja kwa majimaji ndiko kunakomwingiza mgonjwa katika mshtuko, yaani presha kuanguka hadi viungo vya mwili vikose damu ya kutosha, na mtu anaweza kuzidiwa kwa kuvuja hali hajatokwa na tone la damu. Majani ya mpapai, hata kama yangepandisha chembe sahani, hayazibi nyufa za mishipa.

Kwa nini basi mtu anayeugua dengue kwa mara ya pili huwa katika hatari kubwa zaidi? Kirusi cha dengue kina aina nne. Aliyeugua aina moja hubaki na kingamwili dhidi yake, na kingamwili hizo zinapokutana na aina nyingine hukishika kirusi bila kukiua sawasawa. Seli kadhaa za kinga zina vipokezi vya kuushika mkia wa kingamwili, na kwa njia hiyo kirusi huingia kwa urahisi kuliko kama kingekuja peke yake. Seli za masti zinavyo vipokezi hivyo pia, na zikiguswa na kirusi kilichofungwa na kingamwili zilizobaki kutoka ugonjwa wa kwanza, humwaga punje kwa wingi zaidi. Hapa ndipo usemi wa kuongeza kinga unapopoteza maana. Mgonjwa huyu hana upungufu wa kinga; kinga aliyo nayo, ambayo ni kumbukumbu ya ugonjwa uliopita, ndiyo inayouzidisha huu wa sasa.

Ni haki kuongeza kwamba seli za masti haziko peke yake katika kosa hili. Protini ya kirusi iitwayo NS1, ile ile inayotafutwa na kipimo cha haraka cha dengue, inaweza yenyewe kuuharibu utando laini unaotanda ndani ya mishipa, na seli nyingine za kinga humwaga saitokini zake. Tena ushahidi mwingi umetoka kwa panya, na baadhi ya panya waliotumiwa kama wasio na seli za masti wana kasoro ya kinasaba inayogusa seli nyingine za damu pia. Anayekuambia kwamba dengue kali ni kazi ya seli moja amerahisisha kupita kiasi.

Katika mapafu habari ni ya namna nyingine kidogo, na wazazi wa watoto wenye pumu wanaijua kwa macho. Mtoto anapata mafua ya kawaida, ambayo kwa nduguye ni kamasi za siku tatu, na usiku wa pili kifua kinabana. Virusi vya mafua huumiza utando wa njia za hewa, utando ulioumia hutoa ujumbe wa hatari, na seli za masti ambazo kwa mwenye pumu huwa zimejipenyeza hadi ndani ya misuli ya mirija hujibu kwa histamini na lukotrini. Mirija hujikaza. Ushahidi kwamba mzio na virusi hushirikiana umetoka katika majaribio ya Marekani ya dawa iitwayo omalizumabu, ambayo huikamata IgE kabla haijafika kwenye seli za masti: watoto wenye pumu ya mzio waliopewa dawa hiyo walipata mashambulizi machache zaidi katika msimu wa vuli, wakati shule zinapofunguliwa na mafua kuenea. Dawa haigusi kirusi hata kidogo, na bado shambulizi lililoanzishwa na kirusi linapungua.

Kuhusu uviko, dalili za kuamka kwa seli hizi zimeonekana katika mapafu ya wagonjwa walioathirika sana, na yapo mazungumzo mengi mitandaoni yanayosema kwamba uchovu na mapigo ya moyo ya kasi yanayobaki miezi baada ya ugonjwa ni kazi yake. Hilo halijathibitishwa. Limezaa hata hivyo desturi ya watu kujipa jina la ugonjwa wa seli za masti kwa kuwa wanawashwa, wanachoka na tumbo huwasumbua. Madaktari wa fani hii huhitaji mambo matatu yakutane: dalili zinazokuja kwa vipindi katika mifumo miwili au zaidi ya mwili, triptesi inayopanda katika damu wakati wa kipindi hicho kuliko kiwango cha kawaida cha mtu huyo, na nafuu inayopatikana kwa dawa zinazozihusu seli hizi. Damu ya triptesi inafaa ichukuliwe ndani ya saa chache tangu dalili zianze, kwa sababu baadaye kiwango hurudi chini na kipimo hakisemi kitu.

Limebaki swali ambalo huulizwa dukani kwa muuza dawa: kama histamini ndiyo inayofungua mishipa, kwa nini mgonjwa wa dengue asipewe tu kidonge cha mzio? Kwa sababu kidonge hicho hakizuii seli kumwaga punje. Huziba tu kipokezi ambacho histamini ingekigusa, na triptesi, kaimesi na lukotrini huendelea na kazi zake kama kawaida. Juu ya hayo, vidonge vya mzio vya zamani huleta usingizi, na kulegea na kusinzia ni moja ya dalili za hatari katika dengue, pamoja na maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma na kutokwa damu kwenye fizi au puani. Ndugu aliyempa mgonjwa kidonge hawezi tena kujua kama anasinzia kwa dawa au kwa kuzidiwa. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ni hatari zaidi, kwa sababu huongeza uwezekano wa kutokwa na damu. Homa ya dengue hutulizwa kwa parasetamo kwa kipimo chake.

Matibabu ya hospitali, kwa hiyo, bado ni maji: ya kunywa kwa anayeweza, ya dripu kwa aliyezidiwa, kwa kipimo kinachobadilishwa kila baada ya saa chache kulingana na presha, mkojo na hematokriti. Uvujaji hudumu kwa kawaida kati ya saa 24 na 48, kuanzia karibu na siku homa inaposhuka, kisha nyufa hujifunga zenyewe. Kufunga huko kwa haraka ni miongoni mwa sababu zinazowafanya watafiti waamini kwamba mishipa ilikuwa imefunguliwa na kemikali za mwili zaidi kuliko kubomolewa na kirusi. Nyufa zikishafunga, majimaji yaliyokuwa tumboni na kifuani hurudi kwenye damu, na mgonjwa ambaye jana alihitaji dripu ya haraka leo inaweza kumzidishia maji hadi mapafuni. Muuguzi anapoifunga dripu wakati ndugu wanaona mgonjwa bado ni dhaifu, hajamnyima tiba.